Orodha Ina Wangapi?

Kati ya amri zote ambazo mwanafunzi wa Python hukutana nazo wiki ya kwanza, hakuna inayomfurahisha haraka kama len. Anaandika majina matano ndani ya mabano ya mraba, orodha yenyewe anaiita majina, kisha anaandika len(majina), na kompyuta inamjibu 5. Jibu huja papo hapo hata orodha ikiwa na majina milioni moja, kwa sababu wakati huo Python haihesabu chochote. Kila orodha hubeba idadi yake yenyewe. Jina likiongezwa, namba hiyo hupanda, likiondolewa, hushuka. Kazi ya len ni kwenda kusoma namba ambayo tayari imeshaandikwa.

Amri ya pili ni count, nayo ni kazi ya jasho. Ukiandika majina.count("Asha"), kompyuta huanza na jina la kwanza, hulilinganisha na Asha, huhamia la pili, la tatu, hadi la mwisho, ikiongeza moja kila inapokuta jina linalofanana herufi kwa herufi. Orodha ikirefuka mara mbili, kazi nayo huongezeka mara mbili.

Mwandishi wa makala haya amefundisha masomo ya jioni ya Python jijini Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, kwa vijana wanaotoka kazini na daftari mkononi, na kuna jambo ambalo ameliona likijirudia. Wanafunzi huogopa hifadhidata, huogopa mitandao, huogopa hata jina la somo la algorithimu. Kuhesabu hawakuogopi. Hukupita mbio kama kitu walichomaliza darasa la kwanza. Lakini programu nyingi alizowahi kuitwa kuzikagua, kwa sababu wenyewe walisema zinatoa majibu yasiyoeleweka, zilikuwa zimekwama hapohapo. Kompyuta ilikuwa imehesabu sawasawa kabisa. Jambo ambalo hakuna aliyeliamua ni kitu kimoja kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Mahali lilipoonekana waziwazi zaidi ni mkoani Mtwara, kwenye chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho. Chama hicho kilitaka rejista yake ya wanachama iingie kwenye kompyuta, na mwandishi aliitwa kukagua kazi iliyokuwa imekwisha kufanywa na kijana mwingine.

Asiyejua korosho huenda akadhani orodha ya majina ni karatasi tu. Kule, jina ni mali. Mikorosho inapoanza kutoa maua, mkulima hupulizia salfa ili kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, na salfa inapogawiwa hugawiwa kwa orodha. Korosho zikishavunwa huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na malipo ya mnada nayo hufuata orodha. Jina likikosekana, mtu anarudi nyumbani bila mfuko. Likiingia mara mbili, mmoja atachukua mara mbili na wa mwisho kwenye foleni ataambiwa mzigo umekwisha.

Karani wa chama alikuwa mzee wa makamo ya babu, ameketi nyuma ya meza yenye rejista kubwa ya jalada gumu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hiyo mashine yenu imekula watu."

Hakuwa anatania. Alifungua rejista, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akageuza kurasa kadhaa, akaweka kidole kwenye mstari mwingine. Majina matatu, la mtu, la baba na la babu, yalifanana kabisa. Kwenye kompyuta jina hilo lilikuwamo mara moja tu.

"Hawa ni wawili," alisema. "Huyu yuko karibu na msikiti. Huyu yuko ng'ambo ya mto. Babu yao mmoja, na kila mtoto wake alimpa mwanawe jina la mzee."

Kijana aliyetangulia alikuwa amefanya jambo ambalo kila kitabu cha Python hulifundisha. Ukitaka kuondoa marudio kwenye orodha, unaipitisha kwenye set, ambayo hairuhusu kitu kuwamo mara mbili, kisha unahesabu kilichobaki: len(set(majina)). Mstari mmoja, kazi imekwisha. Katika ukoo unaorithishana majina kizazi hadi kizazi, mstari huo hufuta wakulima halisi, wenye mashamba na watoto wanaosubiri ada.

Upande wa pili, set iliwabakiza watu ambao hawakuwapo. Mkulima yuleyule alikuwa ameandikwa Mohamedi msimu mmoja, Mohamed msimu mwingine, na Muhammad kwenye karatasi iliyotoka wilayani. Mwingine alikuwa na nafasi tupu mwishoni mwa jina, ile ambayo kidole huibonyeza bila macho kuiona. Kwa kompyuta, "Asha" na "Asha " ni maandishi mawili tofauti kama vile Asha na Juma. Nafasi hizo huondolewa kwa amri ya strip, na herufi kubwa na ndogo hulinganishwa kwa casefold, lakini hakuna amri inayojua kwamba Mohamedi na Muhammad ni mtu mmoja, wala inayojua kwamba pengine si mmoja.

Na hapa ndipo palipokuwa na hatari kubwa kuliko zote. Waliofutwa kimakosa na waliozidishwa kimakosa walikuwa wakifidiana. Jumla ya kompyuta haikuwa mbali sana na jumla ya rejista, na yeyote ambaye angetazama namba ya mwisho peke yake angesema tofauti hiyo ni ndogo, kazi iendelee. Kumbe ndani ya tofauti hiyo ndogo mlikuwa na watu wengi wasiohusiana. Tangu siku hiyo mwandishi haamini jumla inayokaribiana na nyingine mpaka aone majina yaliyozidi upande huu na majina yaliyopungua upande ule, kila kundi peke yake. Python hufanya hivyo kwa alama ya kutoa, ila si kwa set, ambayo husahau marudio, bali kwa Counter, inayokumbuka kila jina limo mara ngapi: ya kwanza kutoa ya pili, kisha ya pili kutoa ya kwanza. Unapata orodha mbili za kusomewa mtu anayewajua wenye majina.

Zilisomwa, na mzee akasikiliza akiwa amefumba macho. "Huyu yupo. Huyu alihamia Masasi. Huyu marehemu, lakini shamba linalimwa na mjane wake, na kitabu cha hisa bado kina jina lake."

Sasa, marehemu huyo ni mwanachama mmoja au hayumo? Mjane anaingia kwa namba ya mumewe au anapewa yake? Hilo si swali la kompyuta hata kidogo. Lilipelekwa kwenye kikao cha bodi ya chama, likajadiliwa, likaamuliwa, na uamuzi ukaandikwa. Baada ya hapo kilichohesabiwa kilikuwa namba za uanachama. Jina lilibaki kuwa maelezo tu.

Kulikuwa na kosa jingine humo, dogo kwa sura, ambalo kila mwanafunzi anapaswa kulikanyaga akiwa bado darasani. Kijana yule alitaka kuondoa mistari mitupu iliyotokana na jedwali la Excel. Akaandika kitanzi kinachopita kwenye orodha, na kila kinapokuta maandishi matupu kinayaondoa kwenye orodha ileile. Chukua orodha ya vitu vinne: "Asha", tupu, tupu, "Juma". Kitanzi kinaanza nafasi ya kwanza, kinamkuta Asha, kinamwacha. Kinahamia nafasi ya pili, kinakuta tupu, kinaiondoa. Papo hapo orodha inajisogeza: tupu iliyokuwa ya tatu inakuwa ya pili, na Juma aliyekuwa wa nne anakuwa wa tatu. Lakini kitanzi kimeshamaliza na nafasi ya pili, kwa hiyo kinakwenda ya tatu, kinamkuta Juma, kinafika mwisho. Tupu moja imeponea katikati, haijaguswa. len inasema 3 wakati watu ni wawili.

Python haitoi onyo lolote. Programu haikwami, skrini haiwi nyekundu. Dawa yake ni kuacha orodha ya kale ilivyo na kujenga mpya yenye vile unavyovitaka tu, na ni dawa inayofaa hata kwa sababu nyingine: orodha ya kale ikibaki, unaweza kuuliza ilikuwa na wangapi, mpya ina wangapi, na waliobaki nje ni wangapi, na namba hizo tatu lazima zikubaliane.

Hicho ndicho alichokuwa akikifanya karani kwa wino. Chini ya kila ukurasa wa rejista aliandika jumla ya ukurasa. Juu ya ukurasa uliofuata aliandika neno moja, "imeletwa", na jumla yote iliyotangulia. Ukurasa ukichanika au mstari ukirukwa, namba hazikai, naye anajua ni ukurasa gani wa kurudia. Faili za malipo zinazopita kati ya mabenki zimejengwa kwa kanuni hiyohiyo tangu enzi za tepu: mwishoni mwa faili hukaa mstari usiobeba malipo ya mtu yeyote, bali idadi ya malipo yaliyomo na jumla ya fedha zake. Benki inayopokea huhesabu upya, na zisipolingana faili lote hurudishwa. Mwandishi alipoandika upya programu ya chama aliweka "imeletwa" kwenye kila ukurasa unaochapwa, na karani aliukagua wa kwanza kwa kidole, mstari kwa mstari, kabla ya kukubali kutia saini.

Darasani, maswali mengi huangukia pengine: kwa nini kitu cha kwanza kwenye orodha ni namba sifuri? Ukitaka jina la kwanza unaandika majina[0], na katika orodha ya majina matano la mwisho ni majina[4]. Ukithubutu majina[5], Python inagoma. Mwanafunzi huona kama ameonewa.

Chanzo kimoja ni cha kiufundi. Katika lugha ya C, iliyotengenezwa na Dennis Ritchie katika Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, orodha ni sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta, na jina la orodha huelekeza mahali sehemu hiyo inapoanzia. Namba iliyo kwenye mabano ni umbali kutoka hapo. Kitu cha kwanza kiko mwanzoni kabisa, hakina umbali wowote. Mswahili huhesabu hivyo bila kufundishwa anapopanga siku: harusi ikiwa leo, zimebaki siku sifuri, kesho ni moja, kesho kutwa mbili, mtondo tatu, mtondogoo nne.

Chanzo cha pili ni hoja, na ilielezwa vizuri kuliko popote pengine na Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, katika karatasi fupi aliyoiandika kwa mkono tarehe 11 Agosti 1982. Aliuliza: namba kuanzia 2 hadi 12 tuziandike vipi? Kuna njia nne, kutegemea kama mwanzo unahesabiwa ndani au nje, na mwisho vilevile. Yeye alichagua ile inayouweka mwanzo ndani na mwisho nje: kuanzia 2, kabla ya 13. Kwa njia hiyo, ukitoa mwanzo kwenye mwisho unapata idadi moja kwa moja, 13 kutoa 2 ni 11. Na vipande viwili vikifuatana, pale kimoja kinapoishia ndipo kingine kinapoanzia, hakuna kinachorukwa wala kinachohesabiwa mara mbili. Akataja uzoefu wa watumiaji wa lugha ya Mesa kule Xerox PARC, ambayo iliruhusu njia zote nne. Zile nyingine tatu zilizaa makosa mengi. Ukishakubali njia hiyo, orodha ya vitu N huanzia sifuri na kuishia kabla ya N, na hapo ndipo sifuri inapopata haki yake.

Si kila lugha hufuata njia hiyo. Fortran, iliyotolewa na IBM mwaka 1957, huanzia moja, na ndivyo zinavyofanya MATLAB, R na Lua, ambayo ilizaliwa katika chuo kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro mwaka 1993. Watakwimu na wahandisi wanaotumia lugha hizo hufanya kazi nzito kila siku bila shida. Mwandishi ana upande wake katika ubishi huu, na upande huo ni wa Dijkstra, kwa sababu ya hiyo hesabu ya kutoa. Muulize mtu yeyote ofisini: ruhusa ya kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 9 ni siku ngapi? Wengi hutoa haraka, 9 kutoa 5, wanasema nne. Ni tano, kwa kuwa tarehe 5 yenyewe imo na tarehe 9 nayo imo. Mfumo wa ruhusa unaokosea hapo humnyima au humzidishia kila mfanyakazi siku moja, kimyakimya, mwaka hadi mwaka.

Siku za wiki nazo zina mtego wao. Amri ya weekday katika Python huipa Jumatatu namba 0, isoweekday huipa 1, na JavaScript huipa 1 lakini kwa sababu tofauti, kwani yenyewe huanza na Jumapili kuwa 0. Mwanafunzi akipanga majina ya siku kuanzia Jumamosi, kama alivyozoea tangu utotoni, kisha akatumia namba ya Python kuchagua jina, karatasi ya mahudhurio itasema Jumamosi kila Jumatatu. Hakuna kati yao aliyekosea kuhesabu. Kila mmoja alianzia pake.

Kuna tukio ambalo mwandishi hulisimulia kila anapoanza darasa jipya, na hulisimulia polepole kwa sababu linahusu uhai. Mwishoni mwa Septemba 2020, Uingereza ilipokuwa ikipambana na wimbi la pili la UVIKO-19, majibu ya vipimo yalitumwa kutoka maabara hadi Public Health England, taasisi ya afya ya umma ya huko wakati huo. Majibu yalikuja kama maandishi ya kawaida yaliyotenganishwa kwa mikato, kisha yakaingizwa kwenye majedwali ya Excel ya muundo wa zamani, ule wa XLS. Muundo huo unabeba mistari 65,536 na hauongezi hata mmoja. Muundo mpya wa XLSX unabeba 1,048,576. Kila mgonjwa alichukua mistari kadhaa, kwa hiyo jedwali moja lilijaa kwa wagonjwa wapatao 1,400. Waliozidi waliachwa nje.

Wagonjwa 15,841 wa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingia kwenye hesabu za kila siku. Wenyewe waliambiwa kwamba wameambukizwa. Lakini majina yao hayakuwafikia kwa wakati wale waliokuwa na kazi ya kuwatafuta watu waliokutana nao, na watu hao waliendelea kupanda mabasi na kukaa na wazazi wao bila kujua.

Ukiondoa ukubwa wa tukio, kilichokosekana ni kitu kidogo mno. Faili lililotoka maabara lina idadi. Jedwali lililolipokea lina idadi. Kuzilinganisha ni mstari mmoja wa msimbo katika lugha yoyote ile. Ni kazi ambayo karani wa korosho huifanya chini ya kila ukurasa.

Kinyume chake pia kimewahi kutokea: kuamini idadi uliyoambiwa bila kuhesabu mwenyewe. Aprili 2014 dunia ilitangaziwa kuhusu Heartbleed, kasoro katika OpenSSL, programu iliyolinda sehemu kubwa ya tovuti za dunia. Kompyuta moja ilikuwa ikiitumia nyingine ujumbe mfupi wa kuulizia kama bado ipo, ikitaja na urefu wa ujumbe huo, na nyingine iliurudisha kama ulivyo. Mshambuliaji alituma ujumbe mfupi mno, akasema una urefu wa baiti zaidi ya 60,000. Seva haikuhakiki. Ilisoma urefu huo wote kutoka kwenye kumbukumbu yake, ikarudisha na vitu ambavyo havikuwa vya ujumbe huo: nywila, funguo za siri, chochote kilichokuwa karibu.

Kuhesabu herufi nako kuna mambo yake. Bendera ya Tanzania kwenye simu, ile picha ndogo mtu anayoiweka mwishoni mwa ujumbe wa pongezi, macho huiona moja. Muulize Python urefu wake kwa len, atasema 2, kwa kuwa imeundwa kwa alama mbili maalumu, ya T na ya Z. JavaScript itasema 4. Kwenye faili lililohifadhiwa kwa UTF-8 inachukua baiti 8. Majibu yote manne ni sahihi, kila moja kwa kipimo chake.

Chama kilekile cha Mtwara kililipa gharama ya jambo hili kwa shilingi. Walikuwa wakinunua SMS za jumla ili kuwatangazia wanachama siku ya mnada, na msimu mmoja bili ilikuja mara tatu ya walivyotegemea ingawa ujumbe ulikuwa na herufi kama 150 tu, chini ya kikomo cha 160. Mwandishi alipoufungua ujumbe huo aliona neno "ng’ambo". Ulikuwa umeandikwa kwenye Word kisha ukanakiliwa, na Word ilikuwa imegeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Ritifaa iliyopinda haimo kwenye seti ya herufi za kawaida za SMS. Ikiwamo hata moja, ujumbe wote hubadilishwa mfumo, na kikomo hushuka kutoka 160 hadi 70. Ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 67. Herufi 150 zikawa vipande vitatu, na kila kipande hulipiwa. Ritifaa ikanyooshwa, na ujumbe ukarudi kuwa mmoja.

Ritifaa hiyohiyo huwasumbua wanaohesabu maneno ya Kiswahili kwa kompyuta. Kanuni nyingi za kukata maneno zimeandikwa na watu wasioijua, hivyo "ng'ombe" hukatwa vipande viwili, "ng" na "ombe". Na faili likichanganya ritifaa za aina mbili, ng'ombe huwa wanyama wawili kwenye orodha ya marudio, kila mmoja na idadi yake. Mtu anayetaka kujua ni maneno gani hutumika zaidi katika magazeti au riwaya zetu hana budi kulisafisha hilo kwanza, la sivyo atachapisha takwimu zenye neno "ombe" na hakuna msomaji atakayemwelewa.

Mwanafunzi mmoja wa darasa la jioni, binti aliyekuwa pia akifundisha watoto madrasa, alichagua zoezi lake mwenyewe: kuhesabu aya za Qurani kwa programu. Alikuwa na faili la maandishi ambamo kila aya ilikaa kwenye mstari wake, na Bismillahi ya mwanzo wa sura nayo ilikaa kwenye mstari wa peke yake. Alianza na amri ya wc -l kwenye Linux, ikampa 6,347. Akaandika ya Python, ikampa 6,348. Akachanganyikiwa, kwani alikwisha kufundishwa kwamba aya ni 6,236.

Tofauti ya moja ilikuwa rahisi. Amri ya wc -l huhesabu alama za kumaliza mstari, na mstari wa mwisho wa faili lake haukuwa na alama hiyo. Tofauti ya 112 aliipata mwenyewe kabla hajamaliza kikombe cha chai. Sura ni 114. Sura ya Tawba haianzi na Bismillahi. Katika Fatiha, Bismillahi tayari imehesabiwa kuwa aya ya kwanza. Zinabaki 112, ambamo Bismillahi husomwa lakini haihesabiwi kuwa aya, na faili lake lilikuwa limeipa kila moja mstari.

Alimpelekea ustadhi wake hesabu hiyo, na mzee akamwongezea ambalo halikuwamo kwenye faili. "Hiyo 6,236 ni hesabu ya watu wa mji wa Kufa, binti yangu. Watu wa Madina wana yao." Misahafu ya kisomo cha Warsh, inayofuata hesabu hiyo ya Madina na kusomwa Afrika ya Kaskazini na ya Magharibi, ina aya 6,214; kinachobadili idadi ni sehemu ambapo aya hukatwa. Fatiha yenyewe ni aya saba kwa wote. Katika hesabu ya Madina Bismillahi haimo kati ya saba hizo, na aya ya mwisho imegawanywa kuwa mbili.

Wiki iliyofuata alikuja darasani na programu iliyoandikwa upya. Kabla ya kusoma mstari wowote wa faili, ilimuuliza mtumiaji anataka hesabu ya Kufa au ya Madina.